Nimeendesha Crosley ya 1942, kigari kilichopata heshima yake wakati wa vita

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo sikuja na gari jipya, nimekuja na hiki hapa. Sogeza kamera, sogeza kabisa, maana mtu akikitazama kwa mbali anaweza kudhani ni cha watoto. Mimi nimesimama wima, na paa lake linaniishia kifuani.

Hii ni Crosley ya mwaka 1942, na imetengenezwa Marekani. Naishi hapa Ohio, jimbo alikotoka mtengenezaji wake, na mwenye gari ni mzee mmoja aliyekubali tukiendeshe mradi nisimtaje jina. Kukifufua kumemchukua miaka. Turubai la paa ni jipya, rangi imepulizwa upya, injini imefumuliwa yote ikafungwa tena. Viti ameviacha na ugumu wake wa zamani, na hapo amenifurahisha sana. Ukarabati unaolifanya gari la 1942 likae kama la juzi mimi siupendi.

Haya, tufungue boneti. Mnaiona injini? Silinda ni mbili tu, moja imelalia kushoto, nyingine kulia. Rejeta hakuna, maji hakuna, inapozwa kwa upepo. Ni sentimita za ujazo 580, nguvu farasi 12. Ilitengenezwa na Waukesha, kampuni ya Wisconsin.

Aliyekibuni ni Powel Crosley wa Cincinnati, aliyetajirika kwa kuuza redio za bei nafuu. Alitaka afanye kwenye magari kile alichofanya kwenye redio, yaani mtu wa kipato kidogo naye anunue kitu kipya. Mwaka 1939 akakizindua kwenye uwanja wa mashindano wa Indianapolis, bei ikianzia dola 325. Na hakukipeleka kwa wauza magari peke yao. Kiliuzwa hata kwenye maduka ya redio na majokofu, hata kwenye duka kubwa la Macy's pale New York. Ndiyo maana ni chembamba hivi: kinapita kwenye mlango wa duka.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa anayefikiria kununua. Usikimbilie za mwanzo, za 1939 na 1940. Hizo propela shafti yake, ile fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, haikuwa na krosi, yaani kiungio kinachoiruhusu kujipinda. Waliamini raba zinazoshika injini zitatosha kumeza mtikisiko wote, na hazikutosha. Mwaka 1941 wakaweka krosi, wakapunguza ukubwa wa injini kutoka 638 hadi 580, na beringi za ndani zikaongezwa ukubwa. Nguvu ikashuka kidogo, uhai ukaongezeka. Kwa hiyo hii ya 1942 ndiyo ya kutafuta.

Na kuipata ni kazi, kwa sababu Februari 1942 serikali ilisimamisha utengenezaji wa magari ya raia nchi nzima. Viwanda vyote vikageukia vita. Kiwanda cha Crosley kikaingia kwenye kazi ya siri, fyuzi, yaani vilipuzi, za makombora ya kutungulia ndege. Ndani ya kila fyuzi kulikuwa na kijiredio kilicholilipua kombora likikaribia ndege, hata bila kuigusa. Aliyejua redio ndogo alipata pa kuutumia ujuzi wake.

Jeshi nalo lilijaribu kijigari chake kingine, kijipu kidogo cha kuendesha magurudumu manne, kilichoitwa Pup, kikitumia injini ya aina hii hii. Vilitengenezwa 36 tu. Baadhi ya vipuri vikaonekana dhaifu kwa kazi ya jeshi, mpango ukafa.

Lakini kwangu mimi utamu wa historia hii uko kwa raia aliyebaki nyumbani na Crosley yake. Petroli ilianza kutolewa kwa mgawo. Mwenye kibali cha kawaida alipata galoni 4 kwa wiki, baadaye 3. Chukua hizo 3, ni kama lita 11. Gari kubwa la kilomita 6 kwa lita linaishiwa petroli kabla ya kilomita 70. Crosley je? Mwaka 1940 dereva maarufu Cannon Ball Baker alizungukia nchi na mojawapo kwa zaidi ya kilomita 10,000, akapata wastani wa kilomita 21 kwa lita. Lita zile zile 11, zaidi ya kilomita 230! Juu ya hapo serikali ikaweka kikomo cha mwendo, kilomita 56 kwa saa, ili kuokoa matairi, kwa kuwa mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa mikononi mwa Wajapani. Kigari kilichodharauliwa kwa mwendo wake wa polepole sasa kinakwenda sawa na wakubwa wote barabarani.

Kuendesha kukoje? Gia ni tatu, hazina sinkronaiza, kile kifaa kinacholainisha ubadilishaji wa gia, kwa hiyo unakanyaga klachi mara mbili, na usipopatia, gia inalia. Usukani ni mwepesi mno, nimekata kona kwa vidole. Kwenye mashimo unarukaruka, kigari chenyewe hakifiki kilo 450. Breki ndizo zilizonitia hofu. Ni za waya, unakanyaga mapema na unakanyaga kwa nguvu, na kwenye mteremko nilitembea polepole kwa hiari yangu. Kwa safari ya barabara kuu sikushauri. Kwa mitaa tulivu siku ya Jumapili, na ukiwa na subira ya kuwinda spea, chukua.

Baada ya vita, Crosley zilirudi mwaka 1946 na injini tofauti ya silinda nne, uzalishaji ukafungwa 1952. Mlio wa hizi silinda mbili haukurudi tena. Mzee, naomba ufunguo. Sasa nanyamaza, usikilizeni wenyewe.