Boti ya Dunga: saa tisa alasiri nilijuta, alfajiri nikarudi

Nasoma Chuo Kikuu cha Maseno, mwaka wa tatu. Muhula uliopita nilifika mahali pa kusoma ukurasa mmoja mara nne na nikiufunga sikumbuki hata kichwa cha somo. Mwenzangu wa hosteli dawa yake ni usingizi: Jumamosi nzima blanketi mpaka utosini. Nikamwiga, nikaamka jioni na kichwa kizito kama debe la maji. Ndipo binamu yangu anayekaa Nyalenda akanicheka kwenye simu. Yaani unaishi karibu hivi na ziwa na hujawahi kupanda boti? Njoo Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu.

Safari ya kwanza ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri. Simpendekezei mtu. Tulikuwa kumi na wawili ndani ya boti la injini, shilingi 300 kila mmoja, na spika kubwa katikati yetu kama abiria wa kumi na tatu. Jua likiwaka tangu asubuhi, nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji. Hewa yake inapanda na ile ya ziwani inakuja mbio kujaza nafasi. Kwa hiyo alasiri ndiyo saa ya upepo na mawimbi, na mimi nililowa hadi soksi. Jaketi za kuokolea zilikuwa saba. Hesabu hiyo ningeifanya kabla ya kupanda, si tukiwa katikati ya maji.

Halafu magugu maji yakajisokota kwenye propela. Injini ikakohoa, ikazima. Nahodha akainama nje ya boti hadi kiunoni, kisu cha samaki mkononi, akawa anakata mizizi fungu kwa fungu na kuitupa nyuma yake, mingine ikituangukia miguuni. Dakika ishirini hivi tulikuwa tunayumba tu. Spika haikunyamaza.

Tuliposhuka, mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu alitutazama tulivyolowa, akatabasamu. "Nyathina (mwanangu), kama unataka kupumzika, njoo asubuhi. Hata injini huhitaji."

"Bei je, jaduong' (mzee)?"

"Wewe ni mwanafunzi. Tutaelewana."

Wiki mbili baadaye nililala kwa binamu, na saa kumi na mbili na nusu tulikuwa ufuoni. Jua ndiyo kwanza linachomoza. Tulielewana 600 kwa watu wawili, saa nzima, na jaketi tukavaa kabla kasia halijaguswa. Ziwa lilikuwa limelala kabisa. Wavuvi wa omena (dagaa) walikuwa wanarudi na taa zao za usiku, akina mama wanawasubiri na beseni, bei inapigwa hata kabla boti halijagusa mchanga.

Mzee akatupeleka kando ya mafunjo. Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nakitafuta, sijui hata nikielezeje. Kasia likiingia majini linatoa sauti ndogo, likitoka linadondosha matone, basi, ni hivyo tu. Mdiria mmoja mweusi kwa mweupe alisimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga na kichwa hakitikisiki, kisha akajitupa kama jiwe. Akatoka bila kitu. Akarudi juu, akaanza upya. Nilimtazama mpaka akapata, mara ya tatu, na katika muda huo wote sikuwa nimewaza mtihani hata mmoja.

Viboko tuliwaona kwa mbali, masikio na pua tu. Usiku wanapanda nchi kavu kula majani, asubuhi wanarudi majini, na mzee hakukubali kusogea karibu hata binamu alipombembeleza. Alisema anawajua, na ndiyo sababu hasogei. Kwa hilo peke yake ningemlipa tena.

Baadaye tulikula ngege (tilapia) wa kukaanga na ugali kwa mama mmoja karibu na ufuo, samaki mmoja sisi wawili, tukang'ang'ania kichwa. Usikubali samaki wa kwanza unayeonyeshwa. Omba uchague mwenyewe, na umwulize mama bei kabla samaki hajaingia kwenye mafuta.

Nampa mzee nyota nne kati ya tano. Ile moja imekwenda na mbu wa kwenye mafunjo, maana nilivaa kaptura kwa ujinga wangu. Nimeshaenda mara tatu sasa, kila mwisho wa mwezi kabla hela haijaisha kabisa, na ya mwisho nilienda peke yangu. Ukienda, beba noti ndogo ndogo. Jaduong' hana chenji, na simu ya M-Pesa huwa ameiacha nyumbani isilowe.