Oveni ya mkaa ya jua kali na kiamshakinywa cha wageni wa Krismasi

Nimeitumia oveni hii ya mkaa, kazi ya mafundi wa jua kali, yaani mafundi wa mitaani, kwa miezi kumi na minne, Krismasi mbili zikiwemo, na tathmini hii naiandika hasa kwa wale ambao nyumba zao hugeuka kituo cha jamaa kila Desemba. Sisi tunaishi Lanet, upande wa Nairobi wa jiji la Nakuru, na kwa hivyo tuko njiani kwa kila mtu: shemeji zangu wanaotoka Nairobi kuelekea Kakamega hulala kwetu usiku wa tarehe 24, na dada zangu wawili hupanda kutoka Kisumu pamoja na watoto. Asubuhi ya Krismasi huwa tuko watu kumi na wanne, na ibada huanza saa tatu. Kwa miaka mingi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kusukuma chapati na kukaanga mayai mawili mawili, na wageni walikula kwa zamu huku mimi nikiwasalimia kupitia mlango wa jikoni. Nilinunua oveni ili niweze kukiandaa chakula usiku, nikioke asubuhi kwa mara moja, kisha nikae mezani na watu waliosafiri kuja kuniona.

Oveni yenyewe ni sanduku la bati jeusi lenye kuta mbili, na nafasi iliyo kati ya kuta hizo imejazwa pamba ya kioo ili joto lisitoroke. Chini kuna droo ya mkaa, katikati kuna nyavu mbili, na juu ya paa kuna trei ya bati ya kuwekea makaa ya moto. Mlango una kioo kidogo na geji ya joto, na nyuma, upande wa kulia, kuna tundu la hewa lenye kifuniko cha kusukuma. Niliinunua katika mabanda ya jua kali hapa mjini kwa shilingi 11,500 baada ya kuelewana bei, pamoja na trei mbili za kuokea ambazo kusema kweli ni nyepesi mno na sizitumii. Wavu mmoja unabeba sufuria mbili za wastani zikiwa zimekaa bega kwa bega, na hilo ndilo lililonifanya niichague badala ya ile ndogo iliyokuwa nafuu kwa tofauti ya shilingi 3,000.

Chakula ninachokioka ni mkate uliolazwa katika mayai na maziwa. Wasomaji wa Pwani wasikichanganye na mkate wa mayai wa kwao, ambao ni keki laini ya sukari na iliki. Hiki changu ni cha chumvi, na kina vitunguu, hoho, dania na soseji. Kwa sufuria moja inayotosha watu saba natumia mkate wa gramu 400, mayai manane, mililita 600 za maziwa, soseji sita, vitunguu viwili, hoho moja kubwa na kijiko kidogo cha chumvi. Mkate naukata vipande tarehe 23 na kuuacha wazi juu ya sinia hadi kesho yake, kwa maana mkate mkavu hufyonza maziwa kama sifongo na bado ukabaki na umbo lake, ilhali mkate uliotoka dukani siku hiyo hiyo huvunjika na kuwa uji. Maziwa yetu ni ya ng'ombe wa jirani, kwa hivyo ni lazima yachemshwe, na ni lazima yapoe kabisa kabla ya kukutana na mayai, la sivyo mayai yanaanza kuiva vipandevipande ndani ya bakuli. Soseji na vitunguu navikaanga kwanza na kuviacha vipoe. Nyanya nilizitumia mara moja tu. Zilitoa maji usiku kucha na kitako cha sufuria kikawa majimaji, na tangu hapo nazipeleka mezani zikiwa kachumbari.

Ukishamaliza kupanga tabaka za mkate na viungo, mimina mchanganyiko wa mayai na maziwa, ukandamize kwa mgongo wa mwiko hadi kila kipande kiguswe, funika, kisha uweke ndani ya friji usiku kucha. Nasisitiza friji kwa sababu usiku wa Nakuru ni wa baridi na najua wapo wanaofikiri kwamba kuiacha sufuria dirishani kunatosha. Hakutoshi. Mayai mabichi na maziwa yanahitaji baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo, na yasikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Asiye na friji akate mkate na mboga usiku, lakini akaange soseji na avunje mayai asubuhi, na kuupa mkate nusu saa ya kunywa maziwa. Ladha itapungua kidogo, ila wageni watakuwa salama.

Sasa nije kwenye oveni na moto wake, kwa kuwa hapa ndipo nilipopata raha kubwa na pia hasara yangu ya kwanza. Wapishi wa Pwani wamejua tangu zamani kwamba mkate wa sinia hautaki moto wa chini peke yake. Hupalia makaa juu ya kifuniko ili uive kwa moto wa juu na wa chini. Oveni hii imejengwa juu ya ujuzi huo huo. Trei ya paani ndiyo roho yake, na mtu anayeinunua kisha akaitumia kwa droo ya chini pekee atalalamika kwamba inaunguza, na atakuwa anaionea. Mimi huwasha takriban kilo moja na nusu ya mkaa katika jiko la kawaida hapo uani, nikasubiri kama dakika ishirini na tano hadi moshi uishe na makaa yavae jivu jeupe, kisha nikayagawa: theluthi mbili kwenye droo, na theluthi moja naiacha ndani ya jiko hilo la uani ikisubiri. Sufuria zinaingia zikiwa zimefunikwa kwa karatasi ya foili, na kwa dakika thelathini za kwanza paa halina kitu. Halafu naondoa foili, nayahamishia makaa yaliyosalia kwenye trei ya juu, na kwa dakika ishirini nyingine uso wa chakula unainuka, unakauka na kugeuka rangi ya dhahabu yenye madoa ya kahawia pale soseji zilipochungulia. Harufu inayotoka wakati huo, ya vitunguu na maziwa yaliyokolea, ndiyo inayowaamsha watoto. Sijawahi kulazimika kuwaita.

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 175 na 180. Likizidi sana, mayai hukaza upesi na kutema maji, na utaona vijitundu na majimaji kama ya mtindi uliokatika. Likipungua, katikati hubaki pabichi ilhali pembeni pameshaiva. Na hapa ndipo kasoro kuu ya oveni hii inapojitokeza, kwa kuwa geji ya mlangoni haiaminiki. Katika jaribio langu la kwanza, wiki moja baada ya kuinunua, geji ilionyesha 180 tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kitako cha mkate kiliungua hadi kikawa cheusi. Nilipoweka kipimajoto changu juu ya wavu wa kati nilikuta nyuzi 210. Nilirudi kwa fundi nikamweleza, naye akanijibu kwa upole, "Mama, hiyo geji ni ya kukuonyesha njia tu. Moto uamini mkono wako." Ninamheshimu fundi huyo na mkono wake, lakini sikubaliani naye. Anayelipa shilingi 11,500 hulipia pia namba iliyo mlangoni, na si kila mnunuzi ana miaka ishirini ya kupima moto kwa kiganja. Mpaka mafundi wapate geji bora, tenga takriban shilingi 1,000 nyingine kwa kipimajoto cha kusimama ndani ya oveni, na uihesabu kama sehemu ya bei.

Kasoro ya pili ilikuwa mlango, ambao haukufunga sawasawa kwenye kona ya chini na ulikuwa unavujisha joto. Hili fundi alilitengeneza siku hiyo hiyo bila malipo, kwa kubandika ukanda wa bati na kuinyoosha bawaba, na alinipakia oveni kwenye tuktuk mwenyewe. Huduma ya namna hiyo baada ya pesa kushatoka mfukoni ni jambo ambalo sijalipata katika maduka yenye vioo na risiti ndefu. Kasoro ya tatu ni ndogo: upande wa nyuma kulia, karibu na lile tundu la hewa, ni moto zaidi, kwa hivyo ninapoondoa foili huwa nazigeuza sufuria nusu mzunguko na kuzibadilisha nafasi.

Dada yangu wa Kisumu ndiye aliyenifundisha vipimo vya chakula hiki, na yeye hutumia maziwa mililita 550. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko takriban mita 1,850, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hivyo unyevu hukitoka chakula upesi zaidi. Kwa vipimo vyake mkate wangu ulitoka mkavu mara mbili mfululizo. Nilipoongeza mililita 50 na kuanza kufunika kwa foili, ukawa laini kama wake. Wenzangu wa Molo na wa Timboroa, walio juu zaidi yetu, huenda wakahitaji kuongeza tone jingine.

Kujua kama kimeiva, chomeka kisu katikati kabisa, si pembeni. Kikitoka bila yai la majimaji, chakula ni tayari. Mwenye kipimajoto cha kuchomeka asubiri kifike nyuzi 71. Kisha kiache kitulie dakika kumi kabla ya kukata, ama sivyo vipande vitasambaratika kwenye sahani. Na vyombo viwe vya chuma au alumini. Bakuli la kioo lililotoka kwenye friji likaingizwa katika oveni yenye moto linaweza kupasuka, na hakuna kiamshakinywa tena.

Krismasi iliyopita niliamka saa kumi na mbili, si saa kumi. Niliwasha mkaa, nikazitoa sufuria kwenye friji, nikaoga wakati makaa yakishika. Saa moja kasorobo chakula kilikuwa ndani. Mama mkwe wangu, ambaye kwa kawaida husimama nami jikoni kwa sababu hapendi kuniona nikihangaika peke yangu, alikaa kwenye baraza akiwa na kikombe chake cha chai ya maziwa na wajukuu wawili mapajani. Saa mbili kasorobo watu wote kumi na wanne walikuwa mezani kwa wakati mmoja, nami nikiwemo, na nilikula chakula changu kikiwa moto. Wifi yangu mkubwa aliniambia, "Leo nimekuona uso, mke wa kaka." Maneno hayo yalinigusa kuliko sifa yoyote ya chakula, ingawa sufuria zote mbili zilirudi tupu.

Jambo moja lisilo na mjadala ni mahali pa kuitumia. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa. Oveni hii ni ya uani au ya baraza lililo wazi. Usiiingize jikoni kwa sababu ya mvua au baridi, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Vilevile, kabla ya kuipikia mara ya kwanza, iwashe ikiwa tupu kwa saa nzima ili rangi na mafuta ya kiwandani yaungue yaishe, kwa sababu harufu yake hushika chakula.

Nilikuwa na oveni ndogo ya stima kabla ya hii, na bado ninayo. Ni safi, inatii namba zake, na kwa watu wanne ningeichagua hiyo. Lakini haibebi sufuria mbili, na stima kwetu ilishawahi kupotea chakula kikiwa nusu njia, ambapo mayai yaliyoanza kuiva hayana pa kwenda. Mkaa haukatiki ghafla namna hiyo. Gharama yake kwa asubuhi moja ni ndogo, kwa sababu zile kuta mbili hufanya kazi yake vizuri mno: saa moja na nusu baada ya kumaliza, oveni ilikuwa bado na joto la kutosha kuwapashia wageni waliochelewa kufika kutoka Eldoret.

Kwa jumla ninaipa oveni hii alama nne kati ya tano, na ile moja iliyopotea imechukuliwa na geji. Ukienda kununua, usimwachie fundi akuchagulie iliyo karibu. Fungua na ufunge mlango mara kadhaa ukiangalia kona zote, bonyeza ukuta wa pembeni uone kama umejazwa au ni mtupu, na uhakikishe kwamba trei ya juu ina kina cha angalau sentimita nne na vishikio vya mbao. Trei yangu ina vishikio vya chuma, na nimeagiza ibadilishwe kabla ya Pasaka, watakapokuja tena wale wa Kakamega.