Battle for Wesnoth: ngome yangu iliponiponza

Laptop yangu ni ya zamani na bando langu ni la kuhesabu. Ndiyo maana nikaangukia Battle for Wesnoth, gemu la vita la kuchezwa kwa zamu, lililoanzishwa na David White mwaka 2003 na mpaka leo linaendelezwa na watu wa kujitolea. Kwenye kompyuta ni bure, na ukishalipakua unapambana na mashine bila intaneti. Picha zake ni za kawaida sana, ukweli usemwe.

Wiki ya kwanza nilicheza kama mtu anayejifungia ndani akisikia mwizi nje. Nilichukua jeshi la binadamu, mashine nikaipa la wafu. Nikaajiri wapiga mikuki, dhahabu 14 kila mmoja, nikawapanga kwenye vigae vya ngome (ramani yote imegawanywa vigae) kumzunguka kiongozi, nikangoja. Hesabu ilinipa jeuri: binadamu akiwa ngomeni ana kinga ya asilimia 60, yaani pigo la kawaida linampata mara nne tu katika kumi.

Wafu wakaja usiku. Mbele mifupa, nyuma yao wachawi wanaoitwa Dark Adept. Uchawi wao haujali umesimama wapi, unakupata kwa asilimia 70 hata uwe ngomeni. Halafu usiku wafu huongezewa nguvu asilimia 25, binadamu wangu wanapunguziwa kiasi hichohicho. Na mkuki kwenye mifupa unafanya nini? Unapita katikati ya mbavu. Askari wangu wa kona akafa, mfupa mmoja ukapanda kwenye kigae chake, na hapo ndipo nilipoduwaa: ile kinga ya 60 sasa ilikuwa yake! Na pale sikuweza tena kuajiri mtu. Ngome haina mwenyewe, inamkinga yeyote aliyeikalia.

Nilishindwa mara tatu kabla sijaacha kuuliza mimi nisimame wapi, nikaanza kuuliza adui atasimama wapi. Ramani ile ina mto wa kina kifupi. Aliye majini, awe mtu au mfupa, anabaki na kinga ya asilimia 20, kwa hiyo mapigo manane katika kumi yanamfika. Nikatoka ngomeni, nikajipanga ukingoni. Kila askari anashika vigae sita vinavyomzunguka, na adui wa kawaida akikanyaga kimoja tu, mwendo wake wa zamu hiyo umekwisha. Basi nikaacha vigae viwili vitupu kati ya askari na askari, watu wachache wakaziba mto mzima. Waliojeruhiwa nikawarudisha vijijini, ambako zamu ikirudi wanapona pointi 8. Nyuma ya mstari nikaficha wachawi wawili wa moto.

Usiku tulirudi nyuma kidogo kidogo, bila aibu. Kulipokucha wafu walikuwa majini hadi magotini, na moto ndio hasa mifupa isiouweza. Wale Dark Adept nao, ukiwafikia kwa karibu, hawana hata kisu cha kurudishia. Sikuwahi kufurahia asubuhi ya kwenye skrini kiasi kile.

Kuna kero moja: bahati. Utapiga kwa asilimia 70 mara tatu, zote zikose, na mkono utaanza kutafuta faili uliyohifadhi zamu iliyopita. Nimefanya hivyo, sikatai.

Jingine, mashine haina subira, inajiingiza mtoni yenyewe. Mchezaji mwenye akili zake si hivyo. Juzi nilicheza na binamu yangu, tunapokezana laptop, yeye akiwa na wafu. Akasimama ng'ambo akagoma kuvuka. Tukatazamana zamu nzima nzima, mchana unapita, usiku unapita, mpaka popo wake wawili wakazunguka pembeni mwa ramani na kuniibia vijiji vya nyuma. Nikageuza watu wawili kwenda kuvikomboa. Ndipo akavuka.