Dirisha la Kutokeza: Aina Ipi Ununue Ukitaka Mwanga Zaidi Ndani?

Watu wengi wanaonunua dirisha la kutokeza, lile linalochomoza nje ya ukuta na kuacha kibanda kidogo cha vioo upande mmoja wa chumba, huamini kwamba kadiri linavyochomoza ndivyo chumba kitakavyong'aa. Muuzaji hana haraka ya kuwasahihisha, kwa sababu dirisha linalochomoza zaidi lina kioo kingi zaidi cha kulipia. Lakini mwanga wote unaofika katikati ya chumba lazima upite kwenye uwazi uliokatwa ukutani. Uwazi huo ndio mlango wake, na kuchomoza peke yake hakuupanui.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme uwazi una upana wa sentimita 240. Ukifunga vipande vya pembeni vya sentimita 60 kwa digrii 45, dirisha litachomoza kama sentimita 42, na upana wa vioo vyote kwa jumla utakuwa sentimita 276 hivi, asilimia 15 zaidi ya dirisha bapa. Vipande hivyohivyo ukivisimamisha kwa digrii 90, mtindo wa sanduku, utapata sentimita 360. Hapo kioo kimeongezeka kwa nusu nzima, na kwenye karatasi ya makadirio inapendeza. Ila chumba bado kinapokea mwanga kupitia sentimita zilezile 240, na juu ya kibanda kuna paa linaloziba sehemu ya anga. Kule kwenye kochi la mwisho mwanga hautaongezeka kwa nusu. Unaweza hata kupungua kidogo.

Faida ya kweli iko ubavuni. Jua linapopita karibu sambamba na ukuta, kioo bapa hurudisha nje sehemu kubwa ya mwanga wake. Miale ikishapinda zaidi ya digrii 60 hivi kutoka ule mkao wa kupiga kioo moja kwa moja, kiasi kinachorudishwa hupanda haraka sana. Kipande cha pembeni kilichogeuzwa hulipokea jua hilohilo karibu uso kwa uso. Kwa hiyo jua huingia kwa saa nyingi zaidi, na anayekaa karibu na dirisha huangazwa kutoka pande tatu bila upande mmoja wa kitabu chake kubaki gizani. Kama hilo ndilo unalolitaka, endelea kusoma. Kama shida yako ni kona ya mbali yenye giza tu, nunua dirisha bapa refu zaidi na pesa itakayobaki ifanyie kitu kingine.

Jambo la kuamua kabla ya aina ni urefu wa kwenda juu. Kanuni ya kazi wanayotumia wasanifu ni kwamba mwanga wa kutosha hupenya ndani mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha ukingo wa juu wa kioo kutoka sakafuni. Ukingo ukiwa kwenye mita 2.1, utapata mwanga hadi mita 4 au 5 hivi; uupandishe hadi mita 2.4, na unasogea kuelekea mita 6. Sentimita 30 za kwenda juu zina thamani kuliko sentimita 30 za kuchomoza. Muulize fundi linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi, inaweza kupanda hadi wapi, na umuulize kabla hujalipa chochote, maana madirisha mengi ya kutokeza huuzwa yakiwa na dari yake ya chini inayokata mwanga palepale ulipokuwa unautafuta.

Sasa mpangilio wangu, nikipima mwanga kwa gharama.

Nambari moja ni dirisha la vipande vitatu lenye pembeni za digrii 45. Lina maungio mawili tu ya kona, kipande kipana cha mbele kisichofunguka, na pembeni mbili zinazofunguka. Fundi yeyote wa kawaida analielewa. Lipo pia la digrii 30, linalofaa pale ambapo njia ya miguu inapita karibu na ukuta, ingawa hesabu yake ni ndogo: kwa uwazi uleule unapata kioo zaidi kwa asilimia 7 hivi tu. Mabawa ya pembeni yafungwe bawaba kwa namna ambayo likifunguliwa moja linaukinga upepo na kuuelekeza ndani.

La pili litawashangaza baadhi ya wasomaji: kidirisha kidogo cha kutokeza juu ya sinki la jikoni, chenye pembeni za kioo na paa la kioo. Anga likiwa limefunikwa na mawingu, sehemu ya utosini hung'aa takriban mara tatu ya sehemu iliyo karibu na upeo, na hiki ndicho pekee katika orodha hii kinachoitazama sehemu hiyo moja kwa moja. Hakihitaji msingi. Lakini paa hilo liwe na mteremko, liwe la kioo cha usalama chenye tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, na kwenye jua kali liwe na kivuli cha kuvuta. Kwa sebule hakifai.

La tatu ni lile linaloning'inia ghorofani bila kugusa ardhi, likibebwa na mihimili inayotoka ukutani. Nyumba ikiwa imebanwa na majirani, hili ndilo la kufikiria kwanza, kwa sababu linakuwezesha kuchungulia pembeni mwa ukuta wa mbele yako na kupata anga. Mwaka 1864 mjini Liverpool msanifu Peter Ellis alijenga Oriel Chambers, jengo la ofisi ambalo uso wake mzima ni madirisha ya aina hii, kila moja likiwa na fremu nyembamba mno ya chuma. Ule wembamba ndio somo la kubeba. Usikubali linunuliwe wala kufungwa kabla mhandisi wa majengo hajakagua mihimili yake.

Sanduku la digrii 90 naliweka la nne. Linaongeza nafasi kweli, na mtu anayetaka kiti cha kusomea au meza ndogo dirishani hatalijutia. Kwa mwanga peke yake unalipia vioo vingi ambavyo chumba hakivihisi.

La mwisho ni lile la mviringo lenye vipande vinne, vitano au zaidi. Ni zuri kulitazama kutoka nje, hilo sibishani nalo. Tatizo ni maungio. Tuseme kila ungio, pamoja na fremu za pande zote mbili, linakula sentimita 15. Vipande vitano vina maungio manne, yaani sentimita 60 za upana wako zimekuwa ukuta, robo ya ule uwazi wa sentimita 240.

Kwa hesabu hiyohiyo, fremu ni suala la mwanga kabla ya kuwa suala la rangi. Alumini huwa nyembamba zaidi, ila hupitisha joto na baridi. Penye baridi dai ile yenye kizuizi cha plastiki katikati ya fremu. Ya plastiki huhifadhi joto vizuri lakini ni nene. Mbao ziko katikati na zinahitaji kupakwa rangi kila mara. Mwambie muuzaji akupe upana wa kioo chenyewe kwa sentimita, si upana wa dirisha zima, kisha linganisha ofa kwa kipimo hicho.

Kwenye kioo, uliza namba mbili: kinapitisha mwanga kiasi gani, ambayo lebo nyingi huandika VT, na kinapitisha joto la jua kiasi gani, SHGC. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha karibu asilimia 90 ya mwanga. Viwili vyenye nafasi katikati, kama asilimia 80. Chenye utando wa kuzuia joto, mara nyingi kati ya 60 na 70. Vioo vya rangi nyeusi hushuka hadi nusu au chini yake, na hapo unakuwa umelipia dirisha zima ili upate nusu dirisha. Dirisha likitazama magharibi chukua SHGC ndogo, kwa sababu jua la alasiri liko chini na hakuna upenu unaolizuia.

Kama unabadilisha dirisha la kutokeza lililokuwepo, kuna hatari moja ambayo bei ya chini huificha. Katika nyumba nyingi za zamani nguzo za mbao za dirisha hubeba paa la kibanda, na wakati mwingine ghorofa ya juu. Fremu za plastiki haziwezi kazi hiyo peke yake. Lazima nguzo za chuma zifichwe ndani ya maungio ya kona. Makadirio yasiyozitaja nguzo hizo yarudishe. Halafu kabla ya malipo ya mwisho, mwaga maji kwa mpira juu ya paa la kibanda kwa muda wa kutosha, na upitishe kidole kwenye kona za ndani.

Bajeti ibakize kitu cha mapazia. Pazia zito linalokusanywa kwenye kona huvifunika vile vioo vya pembeni, ambavyo ndivyo sababu ya kununua dirisha hili. Weka pazia la kukunja juu kwa kila kipande peke yake, au refusha fimbo ipite ukingo wa uwazi pande zote mbili ili pazia likivutwa likae ukutani.