Chupa ya dawa au kisanduku cha huduma ya kwanza?
Watu wakianza kucheza Dungeons & Dragons toleo la tano, ule mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa kurusha dadu, wakifika tu duka la ndani ya mchezo wanakimbilia ile chupa ya kuponya, vipande 50 vya dhahabu, unarusha dadu mbili za pande nne unajumlisha 2, yani unarudishiwa uhai 4 mpaka 10 basi imeisha. Kisanduku ni dhahabu 5 tu na unakitumia mara 10!! Ila hakimwinui mtu aliyeanguka vitani, kinamzuia asife tu, anabaki kalala hapohapo na vita inaendelea, na hapo ndo chupa inapolipa maana mwenzako ukimnywesha anaamka anashika upanga. Mi levo ya kwanza nanunua kisanduku kwanza aisee, chupa tunachangia kundi zima.