Nimestaafu Yuma, Arizona: uzoefu wangu baada ya miaka miwili na viangazi viwili

Wadau naandika hii kwa sababu kila nikipiga simu Minneapolis, kule Minnesota nilikokuwa naishi kabla ya kustaafu, naulizwa lile lile, mzee huko Yuma pakoje, na sisi tuje? Nikiulizwa mwezi wa kwanza nawaambia njooni hata kesho, nikiulizwa mwezi wa saba nawaambia mna wazimu. Kwaiyo nimeona niandike yote mara moja.

Kwanza nilivyopajua. Mi nimeendesha malori miaka 22, tela la friji, na kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 mizigo ya saladi inatoka huku, sio utani, majani ya saladi yanayoliwa Marekani kipindi cha baridi karibu asilimia 90 yanalimwa Yuma na mashamba ya jirani. Unaacha theluji ya Minnesota imefika magotini, siku ya tatu unashuka Yuma na likoti lako kama mjinga, wenzako wamevaa kandambili. Kupakiwa unasubiri masaa sita saba, basi unatoa kiti unakaa nje ya lori, jua zuri, hewa kavu, goti haliumi. Hilo goti ndo lilinidanganya. Nikamwambia mama watoto mi nikistaafu naenda kukaa pale kwenye jua. Sasa sikilizeni, Yuma nilikuwa naijua miaka yote hiyo lakini ya miezi mitano tu. Mwezi wa saba sijawahi kufika hata siku moja manake mwezi wa saba hamna mzigo, na sikuwahi kujiuliza kwanini hamna mzigo.

Tulinunua nyumba ya trela kwenye paki ya wazee, yani mtaa wa nyumba za trela, sheria yao lazima uwe umefika miaka 55. Tulilipa dola 46,000 nyumba ya vyumba viwili, wanangu wakashangaa mbona rahisi hivyo. Urahisi wake ni kwamba umenunua bati na kuta, kiwanja sio chako, kiwanja unalipia kila mwezi. Tulianza na dola 510 sasa ni 565 na hamna aliyetuuliza kama tunaweza. Na usifikiri utaivuta uhame nayo, gharama ya kuihamisha nyumba kama ile bora uiache. Someni mkataba wa kiwanja kuliko mnavyokagua nyumba, mimi nilikagua choo na paa nikasahau karatasi.

Msimu wa baridi sina la kulalamika. Mchana nyuzi 20 na kitu, usiku unavuta blanketi, jua kila siku. Huu mji unahesabiwa kuwa na jua kuliko yote duniani, masaa zaidi ya 4,000 kwa mwaka, na mvua ya mwaka mzima haifiki hata milimita 100, yani masika ya Tanga mwezi mmoja tu inaipita mara mbili tatu. Mji wenyewe una watu kama laki moja ila mwezi wa kwanza huwezi kupata sehemu ya kuegesha gari dukani, wamekuja wazee kutoka Canada, Minnesota, Dakota zote mbili na manyumba yao ya magurudumu. Wenyewe wanawaita ndege wa theluji. Jirani yangu Mkanada kanifundisha kucheza ule mchezo wa raketi fupi na mipira ya plastiki, nimekuwa fundi. Kelele zipo kidogo, kuna kambi ya ndege za jeshi la Marines hapa hapa mjini, ndege ikipita juu simu unaiweka chini unasubiri. Mi nimezoea.

Kingine nilichokipenda, Arizona saa hawazibadilishi, sio kama majimbo mengi ya Marekani yanayosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka. Mwaka mzima tofauti na nyumbani ni masaa 10, nikimaliza kula usiku saa 2 najua Tanga ni saa 12 asubuhi dada yangu kashaamka anachemsha chai. Minneapolis nilikuwa kila mara nakosea namwamsha.

Meno sasa, manake najua wengi mnataka hapo. Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa kawaida meno hailipi. Mi nilikuwa na mawili ya kuwekewa kofia, Minnesota niliambiwa dola 1,400 kwa jino moja. Kutoka kwangu mpaka mpakani ni dakika kama 20, unavuka mto Colorado unaingia California kidogo sehemu inaitwa Andrade, gari unaliacha kwenye paking ya kabila la Quechan, wenyeji wa asili wa huku, unavuka kwa miguu uko Los Algodones, Mexico. Kile ni kijiji cha watu elfu chache lakini kina madaktari wa meno mia kadhaa, mtaa mzima vibao vya meno, wenyewe wanajiita Mji wa Magego. Ukitia mguu tu umezungukwa, amigo dentist amigo miwani amigo dawa, nilicheka nikasema hii si Ubungo ya zamani, wapiga debe wale wale lugha tu tofauti. Na kosa langu ndo hapo, nikamfuata mpiga debe. Nikapelekwa ghorofani, dola 220 jino, haraka haraka, siku mbili kwisha. Wiki ya tatu nakula muhogo kofia ikatoka nikaikuta kwenye ulimi. Kurudi, aliyenihudumia hayupo, na waliokuwepo wanataka nilipie tena. Nikaondoka. Mara ya pili nikaenda kwa daktari wa yule jirani Mkanada, anaenda kwake miaka tisa, 380 kwa jino, akapiga picha kwanza, akasafisha mzizi mmoja ambao yule wa kwanza aliufunika tu ukiwa unaoza, na mpaka leo natafunia upande huo huo. Kwaiyo bei rahisi ipo ni kweli, ila ingia na jina la daktari mkononi usingie na macho tu.

Mambo madogo ya kule ambayo hamna aliyeniambia. Msimu wa baridi Algodones wanafuata saa za California, wako nyuma yetu saa moja, siku ya kwanza nilifika mapema nikakaa kwenye ngazi kama mgonjwa wa bure. Lango linafungwa saa 4 usiku. Kwenda unapita tu, kurudi ndo kuna foleni, mwezi wa pili nimesimama masaa mawili na nusu juani, nendeni jumanne au jumatano asubuhi. Kama una grinikadi, yani kadi ya ukaazi wa Marekani, Mexico hawakudai viza, ila usiisahau nyumbani manake ndo ya kurudia, na hata huku huku Yuma tembea nayo, barabarani kuna vizuizi vya askari wa mpaka. Mi uraia nimechukua zamani lakini nikisema raia kwa hii lafudhi yangu ya Tanga naulizwa mara ya pili. Wanauliza kwa adabu, lakini mzungu aliye mbele yangu hajaulizwa mara ya pili.

Halafu tende. Hapa jamani nyota kumi. Bonde lote hili kuvuka mto, panaitwa Bard, ni minazi ya tende, nasema minazi kwa sababu mama watoto ndo alivyosema siku ya kwanza, angalia minazi, ni mitende. Ni zile Medjool kubwa, mbegu yake ilitoka Morocco 1927, vilikuja vichipukizi 11 tu kwa sababu mitende ya kule ilikuwa inakufa na ugonjwa, na ndo asili ya hizi zote. Mikungu wanaifunika mifuko juu kule, ukipita kwa mbali utafikiri mtu kaanika nguo. Mi nimekua na tende za kubanwa unazila unatema mchanga, sasa ya hapa unaikata inavuja kama asali. Ramadhani ikikaribia natuma maboksi Minneapolis, nimekuwa maarufu.

Sasa kiangazi. Mwezi wa nne wanaanza kuondoka. Unaona mmoja anakunja kibaraza, kesho wawili, mwisho wa mwezi mtaa wetu wenye nyumba 40 tumebaki watano. Mkanada alinipa mkono akaniambia tutaonana Oktoba, nikamcheka, nikamwambia mi nimezaliwa Tanga bwana, joto utanambia nini.

Ndugu zangu, joto la pwani na hili ni vitu viwili. Kule unaloa jasho, unatafuta kivuli, upepo wa bahari unakuja, maisha yanaendelea. Huku jasho hulioni, linakauka kabla halijatoka, unajiona uko sawa kumbe unaisha. Nyuzi 43, 45, wiki baada ya wiki, na rekodi ya hapa ni 51, tarehe 28 Julai 1995. Maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto, ya kuoga baridi unayaacha kwenye ndoo ndani ya nyumba. Usukani nashika na glavu za jikoni. Usiku wa manane bado nyuzi 32. Na tulikuwa tumenunua nyumba yenye kile kipoza hewa cha maji, kinafaa hewa ikiwa kavu, mwezi wa saba unyevu na vumbi vikija kinakupulizia mvuke kama uko juu ya sufuria. Tukafunga AC ya kweli, dola 6,200, na bili ya umeme ya mwezi ule 340, wakati mwezi wa kwanza nalipa 70.

Agosti saa 4 asubuhi, narudia saa 4 asubuhi, nilitoka kukaza bati la kivuli cha gari. Skrubu nne tu. Ya tatu mikono ikaanza kutetemeka, nikaona dunia inakuwa nyeupe, nikakaa chini kwenye zege na zege lenyewe likaniunguza mkono, alama ninayo. Mama watoto alinimwagia maji na kuita gari la wagonjwa. Dripu mbili, nikalala siku moja. Daktari akaniuliza umekunywa maji lini, nikasema chai ya asubuhi. Kipimo cha moyo kidogo hakikumridhisha, kwa mtaalamu nikapewa nafasi Phoenix, masaa matatu kwa gari, manake wataalamu hapa ni wachache na foleni zao ndefu. Hilo kwa umri wetu lihesabuni kabla ya jua.

Lakini kilichotuumiza zaidi sio joto, ni ukimya. Mnatembea saa 11 alfajiri, saa 2 mko ndani, mapazia chini mpaka magharibi. Watu wa kwetu nimekutana nao wawili mji mzima, wote madereva wanapita. Mama watoto Minneapolis alikuwa hakosi harusi wala matanga wiki mbili, hapa Julai nzima hakuna aliyegonga mlango wetu zaidi ya fundi wa AC.

Nyota? Oktoba mpaka Aprili tano. Mei mpaka Septemba moja, na hiyo moja ni ya bamia. Mama watoto alipanda bamia kwenye ndoo sita nyuma ya nyumba, nyanya zikafa, mchicha ukakauka, bamia ndo kwanza zikawa zinapanda juu. Mwaka huu tunaenda kwa binti yetu Minnesota mwezi wa sita mpaka wa tisa, AC tunaiacha kwenye nyuzi 30 vitu visiyeyuke, na jirani mmoja kati ya wale wachache wanaobaki kashapewa ufunguo na bomba la kumwagilia. Kaambiwa achume bamia zikiwa changa, na saa 4 asubuhi asiguse skrubu.