Likizo ya Peke Yako: Mahali pa Kwenda, Kuanzia Panapofaa Zaidi

Bei nyingi za utalii hupangwa kwa kudhani kwamba chumba kimoja kitalaliwa na watu wawili. Ndiyo maana tangazo la safari likitaja bei ya kila mtu, maandishi madogo chini yake hueleza kwamba bei hiyo ni ya watu wanaoshiriki chumba, na anayekuja peke yake hutozwa nyongeza ambayo wakati mwingine hufikia asilimia 100, yaani analipia kitanda cha pili ambacho hakuna atakayekilalia. Jambo hilo hilo hutokea kwa gari la kukodi, kwa mashua, kwa mwongoza watalii na kwa teksi ya kutoka uwanja wa ndege.

Kwa sababu hiyo sikuipanga orodha hii kwa uzuri wa mandhari. Swali nililouliza kuhusu kila mahali ni kama huduma zake zinauzwa kwa kitanda na kwa kiti, au kwa chumba na kwa gari zima. Baada ya hapo nimetazama usalama, kisha urahisi wa kupata watu wa kuzungumza nao unapowataka na wa kuachwa na utulivu wako usipowataka. Ninayemfikiria ni mtu mzima anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza au ya pili, mwenye likizo ya kati ya wiki moja na tatu.

Kabla ya yote, fungua pasipoti yako. Wawili wenye fedha sawa na siku sawa wanaweza kuwa na orodha mbili tofauti kabisa kwa sababu mmoja anaingia bila viza na mwingine anahitaji miadi ya ubalozi, taarifa za benki na barua ya mwajiri. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, humruhusu mgeni wa muda mfupi kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Anayehitaji viza yao anaweza kuwasilisha maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida asichelewe hadi zikabaki chini ya siku 15. Pia lazima awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Mambo haya yanaweza kulishusha chaguo langu la pili, lililo Hispania, hadi la tano kwako, na utakuwa sahihi kulishusha.

1. Japani

Japani naiweka mbele bila kusita, kwa kuwa ni vigumu kupata nchi nyingine ambako mtu mmoja amefikiriwa kwa kiasi hiki tangu mwanzo wa ujenzi wa hoteli na stesheni. Hoteli za wafanyabiashara zilizo karibu na stesheni kubwa zina vyumba vilivyokusudiwa mtu mmoja. Ni vidogo, lakini kila kimoja kina bafu lake, na bei yake ni ya mtu mmoja kweli. Hoteli za vijumba, ambako mgeni hukodi nafasi ya kitanda iliyozungushiwa kuta, zilianzia Osaka mwaka 1979, na nyingi huwatenga wanawake na wanaume kwa ghorofa. Migahawa mingi ina viti vilivyopangwa mbele ya kaunta, kwa hiyo anayekula peke yake hukaa mahali palipotengenezwa kwa ajili yake, wala halazimiki kuikalia meza ya wanne huku akitazamwa.

Treni ya mwendo kasi ya Shinkansen ilianza kazi Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, umbali wa kilomita 515 ambao leo treni ya haraka zaidi huumaliza kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Tangu wakati huo hakuna abiria hata mmoja aliyepoteza maisha kwa sababu ya treni hizo kugongana au kuacha reli. Unanunua kiti kimoja, unakaa, unashuka. Hakuna cha kujadiliana na mtu yeyote.

Kuna jambo ambalo wasafiri wawili hawaligundui kamwe, nalo ni mizigo. Ukiwa peke yako hakuna wa kumwachia begi unapokwenda msalani au unapopanga foleni ya tiketi, na baada ya siku chache uchovu wa kulivuta sanduku kila mahali huharibu safari kuliko mvua. Stesheni nyingi za Japani zina makabati ya kukodi kwa siku, na kampuni za kusafirisha mizigo hulichukua sanduku lako kutoka hoteli moja na kulifikisha katika hoteli inayofuata, mara nyingi siku ya pili yake. Vituo vidogo vya polisi viitwavyo koban viko mitaani, na aliyepotea njia anaweza kuingia kuuliza.

Yapo ya kuangalia. Pasi ya reli ya kitaifa kwa wageni ilipandishwa bei kwa karibu asilimia 70 mnamo Oktoba 2023, kwa hiyo usiinunue kwa mazoea. Jumlisha kwanza nauli za safari zako halisi, na kwa anayekwenda Tokyo, Kyoto na Osaka pekee hesabu mara nyingi itaikataa pasi hiyo. Baadhi ya nyumba za wageni za kiasili, ryokan, bado hutoza zaidi mgeni wa pekee au hazimpokei kabisa katika siku za msimu. Kipindi cha mwisho wa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei, wenyeji wenyewe wanapokuwa likizo, hakifai. Tena mabehewa ya wanawake pekee katika treni za mijini yapo kwa sababu wanawake hushikwashikwa penye msongamano. Wanawake wanaosafiri saa za asubuhi wayatumie.

2. Njia ya Santiago, kaskazini mwa Hispania

Njia ya Santiago ni mkusanyiko wa njia za hija zinazoishia mji wa Santiago de Compostela. Kwa anayeogopa upweke kuliko anavyoogopa uchovu, hili ndilo chaguo la kwanza. Njia maarufu kuliko zote, Camino Francés, huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa na kufika Santiago de Compostela baada ya kilomita 780 hivi, na waendao kwa miguu huitembea kwa takribani wiki tano. Mwenye wiki moja huanzia mji wa Sarria, karibu zaidi na mwisho wa njia, kwa sababu cheti cha hija hutolewa kwa aliyetembea angalau kilomita 100 za mwisho, au kilomita 200 kwa baiskeli. Mwaka 2023 zaidi ya watu 400,000 walikipokea.

Malazi ni ya kitanda kwa kichwa. Nyumba za mahujaji, albergue, zina mabweni, na mwenye kitabu cha mahujaji kinachogongwa mihuri njiani hulala humo bila kuulizwa mwenzake yuko wapi. Mishale ya rangi ya manjano huelekeza kila njia panda, hivyo hata asiyejua kusoma ramani hufika. Lakini thamani yake kubwa iko kwenye mwendo wenyewe: watu waliolala nawe mji mmoja jana utawakuta kwenye mji wa leo, na kufikia siku ya tatu umeshakuwa na jamaa wa njiani ambao unaweza kuwatangulia au kuwaacha wakutangulie bila kumuudhi yeyote. Sijaona utaratibu mwingine wa utalii unaompa mtu hiari hiyo kwa urahisi namna hii.

Usianzie Saint-Jean kama mwili haujazoea. Siku ya kwanza hupanda kutoka chini ya mita 200 hadi zaidi ya mita 1,400 kuvuka milima ya Pirenei, katika mwendo wa karibu kilomita 25, na njia hiyo ya juu hufungwa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi. Viatu vivaliwe kwa wiki kadhaa kabla ya safari. Na asiyeweza kulala penye mkoromo wa watu ishirini atenge fedha za chumba cha faragha kila baada ya siku chache. Sioni ubaya wowote katika hilo.

3. Vietnam

Tangu tarehe 15 Agosti 2023 Vietnam hutoa viza ya kielektroniki ya hadi siku 90 kwa raia wa nchi zote, na kwa wenye pasipoti zinazofungiwa milango mingi jambo hili peke yake linatosha kuipandisha. Nchi ni ndefu na nyembamba, na reli inayounganisha Hanoi na Ho Chi Minh City, kilomita 1,726, inamrahisishia msafiri maamuzi: anaelekea kusini au kaskazini, anashuka Hue, Da Nang au Nha Trang, kisha anaendelea. Vitanda vya ndani ya treni huuzwa kimoja kimoja katika vyumba vya watu wanne au sita, na hosteli ziko kila mji unaofikiwa na watalii.

Nimeiweka ya tatu, chini ya Santiago, kwa sababu ya barabara. Wageni wengi hukodi pikipiki bila leseni inayotambuliwa huko, na kampuni ya bima ikigundua hivyo baada ya ajali ina kila sababu ya kukataa kulipa. Mtu aliyevunjika mguu akiwa peke yake, mbali na hospitali kubwa, hana wa kumtafutia daktari wala wa kubishana na bima kwa niaba yake. Kama huna leseni, panda treni na basi.

4. Ureno

Ni chaguo la mwenye wiki moja tu. Lisbon na Porto zimeunganishwa kwa treni ya muda wa saa tatu hivi, katikati ya miji yote miwili panatembeleka kwa miguu, ingawa vilima ni vingi, na hosteli ni nyingi kiasi kwamba unaweza kuchagua kati ya zenye shamrashamra na zenye ukimya. Chunga mfuko wako ndani ya tramu zilizojaa.

5. Nyuzilandi

Kwa apendaye milima, Nyuzilandi inauza pori lake la kijani kwa kitanda kimoja kimoja. Njia ya Milford, yenye kilomita 53.5, hutembewa kwa siku 4 kwa kulala katika vibanda vitatu ambavyo katika msimu hukodiwa kwa kila mtu, na idadi ya wanaoanza kila siku ina kikomo. Anayetaka kitanda kimoja ana nafasi nzuri zaidi ya kuokota kilichobaki kuliko familia ya watano. Hata hivyo ni mbali sana na sehemu nyingi za dunia, na nauli hiyo haina maana kwa likizo ya siku kumi. Mito hufurika haraka baada ya mvua. Anayetembea bila mwenzake akodi kifaa cha kutuma mahali alipo kwa setilaiti, na aache ratiba yake kwa mtu.

6. Aisilandi

Msomaji anaweza kushangaa kuiona huku chini, kwa kuwa Aisilandi imeshika nafasi ya kwanza katika orodha ya dunia ya nchi zenye amani kila mwaka tangu 2008. Kwa usalama dhidi ya watu, sina nchi ya kuitanguliza mbele yake. Tatizo ni kwamba inauzwa kwa gari. Barabara ya kuizunguka nchi ina kilomita 1,322 hivi, mabasi ya umma nje ya Reykjavik ni machache, na gari la kukodi pamoja na mafuta na bima yake ni gharama ambayo wanne huigawa na wewe huibeba yote. Zaidi ya hayo, wa kushika usukani ni wewe tu, hata upepo unapokuwa mkali na giza la Desemba linapoacha mwanga wa saa nne au tano kwa siku.

Bado inawezekana kwa mpango mmoja: lala Reykjavik usiku wote, kisha nunua kiti katika ziara za basi za siku moja. Utaona sehemu ndogo ya nchi, lakini kwa bei ya mtu mmoja.

7. Meli za kitalii na visiwa vya mapumziko

Hapa ndipo nyongeza ya mtu mmoja huuma kuliko kote, kwa kuwa chumba cha meli na nyumba ya ufukweni huhesabiwa kuwa vya wawili. Kuna nafuu kidogo: mwaka 2010 meli ya Norwegian Epic ilizinduliwa ikiwa na vyumba 128 vya mtu mmoja pamoja na sebule ya wasafiri hao, na kampuni nyingine zikafuata. Vyumba hivyo huisha mapema. Ukikosa, usilipe mara mbili kwa matumaini kwamba bahari itafidia.

Utaratibu wa kununua

Usilipie tiketi isiyorudishiwa fedha kabla viza haijatoka. Ukishakata tiketi, nunua bima siku hiyo hiyo, kwa kuwa fidia ya kufuta safari huanza kukulinda tangu siku ya kununua na si siku ya kuondoka, na hakikisha inagharamia kusafirishwa kwa mgonjwa hadi nyumbani. Weka nafasi ya malazi kwa usiku miwili ya kwanza tu, ili kosa la kuchagua mtaa usioupenda lisikugharimu likizo nzima. Santiago na Milford katika msimu ni kando na kanuni hii. Kati ya ndege mbili, chukua inayotua kabla ya jua kuchwa hata ikiwa ghali kidogo. Mpe mtu mmoja unayemwamini nakala ya pasipoti, namba ya bima na ratiba, na mkubaliane ni baada ya saa ngapi za ukimya wako ataanza kukutafuta.